Kupanda mlima na mbwa wako kutoka Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Dar wanaofuga mbwa na wamechoka kumwona akizunguka ua ule ule kati ya geti na banda la kuku. Majibu yanahusu zaidi Uluguru na Usambara, maana huko anafika mtu yeyote mwenye gari na siku mbili tatu za mapumziko. Jambo moja ulijue mapema: milima hii ina wenyewe. Njia utakayopita ndiyo anayopita mtoto akienda shule, ndiyo mama anayoteremshia mboga zake kwenda sokoni, na pembeni yake kuna mbuzi wanachungwa. Mwinuko mbwa wako atauzoea. Watu, mifugo na mbwa wa wenyewe ndio watakaokupa kazi.

Naweza kumpeleka Kilimanjaro?

Hapana. Kilimanjaro ni Hifadhi ya Taifa, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingia hifadhi za taifa. Kwa hiyo ondoa kwenye orodha Meru (imo ndani ya Hifadhi ya Arusha), Udzungwa na Kitulo pia. Usijaribu kumficha kwenye buti.

Wengine hulalamika kwamba ni urasimu tu. Wakumbuke Serengeti mwaka 1994, homa ya mbwa inayoitwa distempa ilipoingia kwa simba na kuua karibu theluthi moja yao. Mbwa wa kufugwa wanaozunguka hifadhi ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Mbwa wako anaweza kuwa mzima wa afya machoni pako na bado akaacha kitu nyuma, na yeye mwenyewe anaweza kuokota kitu kutoka kwa mnyama wa porini.

Sasa niende mlima gani?

Kwa mara ya kwanza, Uluguru. Morogoro iko kama kilomita 190 kutoka Dar, barabara ni ya lami hadi mjini, na mlima unaanzia pale pale mgongoni mwa mji. Unaamka Kimara, na saa nne asubuhi mbwa yuko kwenye kivuli cha migomba. Njia maarufu ni ile ya kupanda hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, katikati ya mashamba ya mboga na vijito. Wenye miguu huendelea hadi Bondwa penye minara, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbwa wa Dar katika safari ya kwanza aishie Morningside, na hata nusu ya njia inatosha.

Kuna sababu nyingine ninayoiona kubwa kuliko mandhari: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, na kina madaktari wa mifugo na hospitali ya wanyama. Mbwa akiumwa na nyoka saa sita mchana, uko karibu na watu waliosomea kazi hiyo. Sehemu nyingi za milimani hazina bahati hiyo.

Usambara ni ya safari ya pili. Lushoto iko juu zaidi, kama meta 1,400, na hewa yake mbwa wa pwani ataifurahia kuliko wewe. Lakini ni zaidi ya kilomita 350 kutoka Dar kupitia Chalinze, Segera na Korogwe, na kutoka Mombo kuna kona za kupanda ambazo mbwa wengi huzitapikia. Pale Irente, ukingoni mwa jabali linalotazama tambarare za chini, kamba iwe fupi na uizungushe mkononi. Mbwa hajui kwamba mbele hakuna ardhi.

Mwenye siku moja tu aende vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Si mlima, ila ni kipimo kizuri.

Kumbuka kwamba juu ya mashamba, Uluguru na Magamba (kule Lushoto) ni hifadhi za misitu ya mazingira asilia zinazosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia humo kunahitaji kibali, na habari ya mbwa useme ofisini kabla hujapanda, usisubiri kuulizwa getini. Mimi na mbwa hubaki njia za vijijini, chini ya mpaka wa msitu. Mandhari yapo ya kutosha, na ndege na mbega wa msituni hawahitaji mgeni anayebweka.

Mbwa wangu ni wa kienyeji. Anafaa, au mpaka awe wa kizungu?

Wa kienyeji ndiye anayefaa kuliko wote. Ana miguu mirefu, manyoya mafupi, mwili mwepesi na hana maringo ya chakula. Jemani shefadi anaweza, akiwa na mazoezi na mkitembea asubuhi. Rottweiler na Boerboel ni wazito, hupandwa na joto haraka, na wakikutana na mtu kwenye njia nyembamba humtia hofu hata kama wametulia. Wale wenye pua bapa waache nyumbani kabisa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na pua ya namna ile haipitishi hewa ya kutosha kupandia mlima.

Umri nao uangalie. Mtoto wa mbwa mkubwa ambaye hajafikisha mwaka na nusu mifupa yake bado inajengeka, na mzee anayeamka kwa kujikongoja asubuhi hana cha kutafuta Morningside.

Nimwandae vipi?

Mbwa wengi wa Dar hulala mchana na kulinda usiku. Nyayo zao ni laini kwa sababu wanakanyaga mchanga na vigae, na wengi hawajawahi kuvaa kamba isipokuwa siku ya chanjo. Anza mwezi mmoja na nusu hivi kabla. Wiki za mwanzo mtembeze mtaani alfajiri, dakika 30 kwa wakati mmoja, mpaka aache kukuvuta. Halafu mpeleke Coco Beach kabla jua halijapanda, apishane na wakimbiaji na watoto. Baada ya hapo mtafutie mwinuko: miteremko ya Chuo Kikuu Mlimani au Pugu.

Jambo la kumfundisha kuliko yote ni kukaa chini pembeni ya njia mtu anapopita. Asipoliweza hilo hapa mjini, hataliweza Uluguru.

Anahitaji chanjo na karatasi gani?

Chanjo ya kichaa cha mbwa ya ndani ya mwaka, na kadi yake uwe nayo mkononi. Kama ndiyo ya kwanza maishani mwake, achanjwe angalau mwezi mmoja kabla, kwa sababu kinga haijengeki siku hiyo hiyo. Iwepo pia chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa, parvo (virusi vya kuharisha damu) na leptospira. Leptospira ndiyo ile homa ya mgunda iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Hukaa kwenye maji na matope yenye mikojo ya panya, na mbwa hupenda kunywa hapo hapo.

Dawa ya minyoo na dawa ya kupe zitolewe kabla ya safari. Halafu pita kwa daktari wa mifugo wa halmashauri yako kwa ajili ya kibali cha kusafirisha mnyama. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inasimamia uhamishaji wa wanyama kutoka eneo moja kwenda jingine, na karatasi yenye mhuri humaliza maneno barabarani.

Tunaweza kupanda basi?

Sahau. Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na mbwa, uone konda atakavyokutazama. Akikubali atakuambia mbwa aingie kwenye buti la mizigo, na humo hakuna hewa wala mtu wa kumsikia akilia. Safari hii ni ya gari binafsi, au la kukodi ambalo mwenyewe ameambiwa ukweli.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkichelewa, foleni ya Mbezi hadi Kibaha itawakamata, na jua litawapata Mlandizi. Mbwa akae kiti cha nyuma au sehemu ya mizigo iliyo wazi kwa ndani, afungwe kwa mkanda wa kifuani, siyo kwa kola ya shingoni. Usimlishe asubuhi hiyo. Maji kidogo yanatosha. Simameni Chalinze ajisaidie, kamba ikiwa mkononi kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu mbwa wengi wameshaponyoka pale wakifuata harufu ya mishikaki.

Usimwache ndani ya gari lililozimwa hata ukisema unanunua maji tu. Ndani ya dakika kumi joto la gari juani linaweza kupanda kwa nyuzi kumi, na kioo kilichoachwa wazi vidole viwili hakisaidii kitu.

Watu wa vijijini watampokeaje?

Swali hili ndilo lingepaswa kuulizwa la kwanza, na ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Kwa watu wengi mbwa ni mlinzi au wa kuwindia. Mbwa anayetembezwa kwa starehe ni kioja. Watoto watawafuata, wengine watamrushia jiwe ili waone atafanya nini. Pia Uluguru na Usambara kuna Waislamu wengi, na kwa wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi nchini, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini hapaswi kulazimika kurudi nyumbani kujisafisha kwa sababu mbwa wako alitaka kumsalimu. Kwa hiyo siku ya Ijumaa panga kupita mbali na msikiti mida ya adhuhuri.

Njiani utaratibu ni huu. Asubuhi akina mama huteremka Uluguru na matenga ya mboga na ndizi kichwani. Mama mwenye tenga haoni miguu yake vizuri, njia imelowa, na mteremko ni mkali. Ukimwona kwa mbali, toka njiani wewe kwanza. Simama upande wa bondeni, mbwa umkalishe nyuma ya miguu yako, kamba umeikunja mpaka karibu na kola. Salimia kabla hajafika, ajue kuna mtu na mtu huyo ameshajipanga.

"Shikamoo mama. Pita tu, nimemshika."

"Marahaba. Anauma?"

"Haumi mama, ila hasogei."

Usiseme "haumi" ukaishia hapo, kila mwenye mbwa anasema hivyo. Mwonyeshe mkono ulioshika kamba. Na kama mtu ameganda kwa hofu, usimwambie asiogope. Rudi nyuma upishe. Pengine aliwahi kung'atwa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Hofu yake ina msingi.

Mwongozaji wa kijijini ni wa lazima, hata kama njia unaijua. Yeye ndiye atakayetangulia na kupiga kelele kwamba nyuma kuna mbwa, naye anajua nyumba ya kuikwepa.

Mbwa wangu akimng'ata mtu?

Kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Nauli na matibabu ni juu yako. Toa kadi ya chanjo, acha namba yako ya simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mbwa awekwe chini ya uangalizi kwa siku kumi hata kama amechanjwa. Kutoroka na gari ni kosa, na kunawaharibia wote watakaokuja na mbwa baada yako.

Akiua kuku?

Lipa. Bei ataje mwenye kuku, na usijadiliane kama uko Kariakoo.

Mbwa wa kijijini, nyani na mitego je?

Mbwa wa kijijini hubweka wakilinda uwanja wao. Ukipita bila kusimama na bila kuwakazia macho, wengi huishia kwenye ukingo wa uwanja. Chukua fimbo ya kupiga ardhi, na usimwachie mbwa wako "ajitetee".

Nyani ni habari nyingine. Hushuka kwenye mahindi, na mbwa wa mjini akiwaona hudhani ni mchezo. Dume la nyani lina meno ya chonge marefu kuliko ya mbwa, na hummaliza mbwa kwa muda mfupi sana. Pembeni mwa misitu kuna pia mitego ya nyaya iliyowekewa swala wadogo na nguruwe pori. Ndiyo maana kamba haivuliwi mlimani, hata pale unapoona hakuna mtu.

Ale nini, anywe nini?

Ale kile alichozoea. Kama nyumbani anakula ugali wa dona na dagaa, mbebee hivyo hivyo. Siku ya safari si siku ya kumjaribishia chakula cha dukani. Siku ya kupanda, kama hamsafiri kwa gari asubuhi hiyo, mpe kidogo asubuhi na mapema, kiasi kikubwa jioni mkishateremka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikamchoma utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, kwa hiyo usimmwagie masalia ya pilau.

Maji: mbwa wa kilo 25 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku akiwa amepumzika tu. Kwa kupanda, hesabu mara mbili. Vijito vya Uluguru vinavutia, na mto Ruvu unaonywesha Dar unaanzia milima hiyo hiyo, lakini kijito kilichopita chini ya mazizi na mashamba yaliyopulizwa dawa si cha kunywa. Beba ya kwenu.

Nitajuaje amezidiwa na joto?

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likivuka 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Utaona ulimi umetoka mrefu na kupanuka nchani, ufizi mwekundu sana, mate mazito yanayonata, kisha anayumba au anajilaza na kugoma. Akigoma, anakuambia ukweli. Mbwa humfuata bwana wake mpaka aanguke, hivyo wa kwanza kusimama awe wewe.

Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee kwa kofia. Anywe kidogo kidogo. Kisha teremkeni kwa daktari, hata akionekana amepata nafuu.

Nibebe dawa gani?

Bandeji, maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, kibano cha kupe, soksi kuukuu ya kuvisha mguu uliochubuka, na shuka imara ya kumbebea watu wawili akishindwa kutembea. Panadol, diklofenaki na ibuprofen za kwako zibaki zako. Zinaweza kumuua mbwa, na kila mwaka kuna mtu anayempa "nusu tu".

Akiumwa na nyoka, tuseme kifutu aliyejilaza njiani, usikate jeraha, usifunge kamba, usimpake mafuta ya taa. Abebwe, asitembee, na simu kwa daktari ipigwe mkiwa mnateremka. Siafu ni adha ndogo lakini ya ghafla: ukiona mstari mweusi unakatiza njia, mnyanyue uvuke naye. Wakishapanda kwenye kwapa za mbwa utawatoa mmoja mmoja kwa vidole, naye akikulilia.

Tutalala wapi?

Piga simu kabla, na useme neno "mbwa" katika sentensi ya kwanza. Gesti nyingi zitakataa. Zinazokubali kwa kawaida zina uwanja wenye ukuta na zitataka alale nje. Uliza kama wana mbwa wao wa ulinzi wanaofunguliwa usiku, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Mbwa wa geti akiwa ugenini hubwekea kila kivuli hadi alfajiri. Mletee mkeka wake wenye harufu ya nyumbani, umfunge pale anapokuona. Lushoto mwezi wa saba usiku ni baridi kweli, na mbwa wa Mbagala hana koti. Blanketi liwepo.

Twende mwezi gani?

Juni hadi Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Uluguru huteleza kama sabuni, nawe una mkono mmoja tu ulio huru. Vuli unaweza kubahatisha. Januari na Februari joto la Morogoro mjini linamchosha mbwa kabla hajaanza kupanda.

Mlinzi akisafiri, nyumba italindwa na nani?

Swali la Kidar kabisa, na halali. Mwombe ndugu alale pale, zungumza na jirani wa ukuta, acha taa ya nje ikiwaka. Na picha za mbwa akiwa Morningside ziweke kwenye status mkishafika nyumbani.

Tukirudi Dar nifanye nini?

Siku hiyo hiyo mkague kwa vidole, siyo kwa macho tu: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, chini ya mkia, na katikati ya vidole vya miguu, ambako kupe wadogo hujibana na funza huingia. Kupe atolewe kwa kibano kilichogusa ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Nyayo zikague kama zimechanika, umpumzishe siku mbili.

Homa za kupe hazitokei kesho yake. Huchukua wiki moja hadi tatu. Katika muda huo akikataa chakula, akiwa na ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya kahawia au damu puani, mwahishe kwa daktari, na usisubiri uulizwe: mwambie mbwa huyu alikuwa mlimani, utaje wapi na lini, ili apime damu kwanza kabla ya kumchoma sindano ya kubahatisha. Kama mlipita maeneo yenye mbung'o, kwa mfano pembeni mwa Mikumi, litaje hilo pia, hasa ukiona jicho limeanza kuwa na ukungu wa buluu.